Eti Delta maana yake mabadiliko

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, kama kawaida yangu kwenye semina, simu iko chini ya meza, ndipo mwezeshaji alipochora pembetatu kubwa ubaoni. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama, akaridhika nayo. Kisha akatugeukia na kupunguza sauti, kama wanavyofanya hawa watu kila wanapotaka kusema jambo zito.

"Hii inaitwa Delta. Ni neno la Kigiriki. Maana yake ni mabadiliko. Nataka kila mmoja wenu atoke humu ndani akiwa Delta."

Watu wakaandika. Jirani yangu akaandika kwa herufi kubwa, akapiga na mstari chini: DELTA = MABADILIKO. Nikamnong'oneza kwamba si kweli. Akaniangalia kama nimekohoa katikati ya dua.

"Kwani wewe unajua Kigiriki?"

Sijui. Afadhali niseme mapema kabla hamjaniumbua huko chini. Herufi za Kigiriki nazijua kwa namna anavyozijua yeyote aliyeteseka na fizikia, pamoja na ugonjwa wangu wa kufungua kamusi saa saba za usiku nikitafuta neno moja na kuamka na arobaini. Lakini hili halikuhitaji Kigiriki. Lilihitaji mtu ajiulize: hivi "be" maana yake nini? Si neno, ile herufi, be. Haina maana. Ni jina la herufi, tumemaliza. Delta kwa Mgiriki ni hivyohivyo. Akitaka kusema mabadiliko ana neno lake, tangu zamani: metabole, ndilo lililozaa metaboli ya kwenye biolojia. Wa leo atasema allagi. Hakuna Mgiriki, wa kale wala wa sasa, aliyeamka asubuhi akasema maisha yake yanahitaji delta.

Tena mwenyewe halitamki hivyo. Kwa Kigiriki cha leo ile d ya mwanzo ni dh, dh yetu kabisa ya dhahabu na dhambi. Dhelta. Sisi tunaweza kuitamka sawasawa bila kutoa jasho, lakini tumeipokea kupitia Kiingereza, basi tunaitamka kama Waingereza.

Najua uvumi ulikotoka. Umetoka darasani. Mwalimu anaandika pembetatu mbele ya t na kusema "badiliko la muda", mbele ya v "badiliko la kasi", na mwanafunzi anafunga daftari akiamini pembetatu ndiyo badiliko. Mwanahisabati Leonhard Euler, kwenye kitabu chake cha kalkulasi cha 1755, aliitumia Δ kuonyesha tofauti kati ya kiasi kimoja na kinachofuata. Kitabu kiliandikwa kwa Kilatini, na tofauti kwa Kilatini ni differentia. Inaanza na D. Kwa Kigiriki ni diaphora. Nayo inaanza na D. Delta ni D. Unaona mambo yanavyokuwa mepesi mtu akiacha kutafuta siri? Kusema delta ni Kigiriki cha "mabadiliko" ni sawa na kusema K ni Kiingereza cha "elfu" kwa sababu watu mtandaoni wanaandika 10K. (Na K hiyo kweli chimbuko lake ni Kigiriki, khilioi, yaani elfu, ila hilo ni neno zima, si herufi. Nisipotoke.)

Kilichoniudhi zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba jina hili lina maana. Lilikuwa nayo. Na ni nzuri kuliko hiyo ya semina mara kumi.

Delta ni mlango.

Wagiriki hawakubuni herufi zao. Walizichukua kwa Wafoinike, mabaharia na wafanyabiashara wa pwani ambayo leo ni Lebanon na jirani zake, na hawakuona haya kulisema. Herodotus, mwanahistoria wao wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ameandika wazi kwamba Wafoinike ndio waliowaletea Wagiriki herufi, na kwamba Wagiriki walikuwa wakiziita za Kifoinike. Kwa Wafoinike herufi nyingi zilikuwa na majina ya vitu vya kushikika. Ya kwanza ng'ombe. Ya pili nyumba. Ya nne mlango. Waebrania bado wanayo: herufi ya nne ni dalet, na mlango wanauita delet hadi leo. Nyumba ni bet kwao, bayt kwa Waarabu, na kwetu imekuja kukaa ndani ya ushairi: ubeti. Kwa hiyo kila unaposema alfabeti unasema ng'ombe na nyumba. Ukiongeza herufi mbili unafika mlangoni. (Ya tatu niacheni, wenyewe bado wanabishana.)

Sasa tazama Wagiriki walivyolifanya hilo jina. Kigiriki cha kale hakikupenda neno liishie na konsonanti, ukiondoa n, r na s. Alef, bet, dalet, yote hayo yalikuwa yanakwama kooni. Wakafanya nini? Wakabandika irabu mwishoni. Alfa. Beta. Delta. Mimi niliposoma hivyo nilicheka peke yangu chumbani, kwa sababu huo ni ufundi wetu. Kitab tukakifanya kitabu, bank tukaifanya benki. Mgiriki wa miaka 2,700 iliyopita alisikia neno la mgeni bandarini, akalitia irabu mkiani na kuondoka nalo kama lake. Ukiniambia kuna undugu kati ya lugha za watu wa pwani, hata kama haziko ukoo mmoja, siku hiyo ningekubali bila ushahidi mwingine.

Tofauti ni kwamba sisi tulipochukua kitabu tulichukua na maana yake. Wao walichukua ganda. Delta kwa Mfoinike ni mlango, kwa Mgiriki ni sauti ya nne. Maana ilibaki bandarini.

Na hapa ndipo nilipotaka kusimama kwenye ile semina nimpokonye mtu kalamu. Delta ina ndugu ambaye wengi mle ndani walikuwa wanamjua toka utotoni. Yeyote aliyepita madrasa, au aliyewahi kushika mashairi ya zamani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, anamjua dali. Dal ya Kiarabu, dalet ya Kiebrania, delta ya Kigiriki ni watoto wa mama mmoja. Ukibisha, chukua neno abjadi. Tunalitumia kila siku, orodha ya abjadi, mpangilio wa abjadi, bila kulipasua tuone ndani. Lipasue: alif, ba, jim, dal. A-B-J-D. Huo ndio mpangilio wa zamani wa herufi za Kiarabu, kabla hazijapangwa kwa kufanana maumbo kama tunavyozikariri sasa. Weka kando ya Kigiriki: alfa, beta, gamma, delta. Moja kwa moja, hatua kwa hatua. Wazungu waliita kundi zima la herufi kwa majina ya mbili za mwanzo. Sisi tumelibeba neno lenye nne, na ya nne, ile d iliyokaa mwishoni mwa abjadi, ndiyo delta.

Hata thamani hazikuachana. Herufi zilikuwa tarakimu kabla tarakimu hizi hazijafika, na delta kwa Wagiriki ilisimama badala ya 4. Dali nayo kwenye hesabu ya abjadi ni 4. Mnaijua hesabu hii, msijifanye wageni. Ni ile inayotoa 786, yaani Bismillahi, juu ya barua za wazee. Jina Muhammad kwa hesabu hiyo ni 92: mim 40, ha 8, mim 40, na dali 4 ya kufungia. Bahari nzima katikati, dini tofauti, mwandiko mmoja unakwenda kulia na mwingine kushoto, na bado herufi ya nne ni nne.

Mtu ana habari kama hii mkononi, halafu anawaambia watu "kuwa Delta".

Basi. Nimepumua. Twende mtoni, kwa sababu huko ndiko jina hili lilikopata kazi ya pili, na kusema kweli ndiyo kazi iliyolifanya liingie kwenye Kiingereza cha kawaida na kwenye vitabu vyetu vya jiografia.

Herodotus yuleyule, akiandika habari za Misri, anaiita nchi ile ya chini, pale mto Nile unapogawanyika kuelekea baharini, Delta. Kwa sababu ya umbo, hakuna fumbo. Ncha moja pale mto unapopasuka, karibu na ilipo Cairo ya leo, na pande mbili zinafunguka hadi Bahari ya Mediterania. Pembetatu. Ila chukua ramani yoyote ukutani uitazame: imepinduka. Nile inakwenda kaskazini, ramani zetu zinaweka kaskazini juu, kwa hiyo ncha iko chini na kitako kiko juu. Ili uione Δ sawasawa, geuza ramani, au simama baharini na utazame kusini, kama mtu anayeingia Misri kwa jahazi. Ndivyo Wagiriki walivyokuwa wakiingia. Sisemi ndiyo sababu. Nasema tu mimi nimeipenda.

Arrian, aliyeandika safari za kivita za Alexander Mkuu, masimulizi yake yalipofika kwenye mto Indus alieleza kwamba nao unatengeneza delta ya Kihindi mfano wa ile ya Misri. Kutoka hapo umbo likaanza kusahaulika na kikabaki kitu: tope, matawi ya mto, ardhi mpya. Leo tunaziita delta hata zisizofanana na pembetatu hata kidogo. Mississippi unaingia baharini kwa umbo la mguu wa ndege, na bado ni delta. Okavango haufiki baharini kabisa. Unafunguka mchangani Botswana na maji yanapotelea humohumo, kwa ardhi na kwa jua, na bado ni delta, tena mwaka 2014 ikawa ya 1,000 kwenye orodha ya urithi wa dunia. Marekani wana eneo wanaloliita The Delta, chimbuko la muziki wa bluzi, ambalo kwa hesabu za jiografia si delta ya mto hata kidogo. Ni uwanda wa mafuriko kati ya Mississippi na Yazoo, mbali kabisa na bahari. Hakuna aliyewashtaki.

Lakini kuna jambo kwenye hii ya mto linaloninyima usingizi. Kiingereza kinasema mto una mdomo. Sisi tunasema mto una mlango. Mlango wa mto. Hatukumwuliza Mfoinike. Hatukujua kwamba jina la kigeni la ile ardhi iliyo mbele ya mlango wa mto lilikuwa, miaka elfu tatu nyuma, neno la "mlango". Ni sadfa, najua ni sadfa, na nitamchukia atakayeandika kwenye maoni kwamba hii inathibitisha Waswahili walitokana na Wafoinike. Mgiriki aliyeupa mto jina hilo alikuwa anaangalia pembe tatu, hana habari na mlango wowote. Lakini maneno yamezunguka dunia, yamevuliwa maana bandari moja na kuvishwa nyingine, na kwenye Kiswahili yakakutana tena na mlango wake bila kujuana. Ukiandika "delta ya mlango wa mto" umeandika mlango mara mbili. Kama wewe huoni uzuri wake, sina la kukusaidia.

Kazi nyingine za delta nitazipitia mbio. Bega lako lina msuli unaoitwa deltoidi, yaani wenye umbo la delta, kwa ile pembetatu yake. Rubani akitaja D kwenye redio anasema Delta tangu mpangilio ule wa kimataifa uanze kutumika 1956. Fundi wa mota anafunga nyaya kwa nyota au kwa delta, umbo tena. Bawa la delta la ndege, umbo. Delta Force ya jeshi la Marekani, 1977, wasinisumbue.

Halafu 2021. Tarehe 31 Mei Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba aina mpya za kirusi cha korona zitaitwa kwa herufi za Kigiriki, ili watu waache kuziita kwa majina ya nchi. Ile iliyogunduliwa kwanza India, yenye jina la kimaabara B.1.617.2, ikaangukiwa na Delta kwa sababu ya foleni tu: Alfa, Beta, Gamma zilishachukuliwa. Herufi zilichaguliwa kwa sababu hazisemi kitu. Zinahesabu tu, na hazimnyooshei mtu kidole. Kwa miezi michache delta ikawa neno la kutisha. Shirika la ndege la Delta, lililopata jina kutokana na eneo hilohilo la Mississippi tangu 1928, lilijikuta linashiriki jina na ugonjwa, na mkuu wake alipowaandikia wafanyakazi Agosti ile alikiita kirusi kwa namba, B.1.617.2, jina lake la biashara asiliguse. Ninamwelewa. Ila hakuna mtu aliyegundua mchezo uliokuwa unaendelea: watu walikuwa wanapanga foleni kuchomwa sindano ya kujikinga na Delta kwenye msuli wa deltoidi. Delta ndani ya delta. Nilijaribu kumweleza muuguzi. Akaniambia nilegeze mkono.

Sasa nitoe haki ya mpinzani, kwa shingo upande. Kamusi za Kiingereza za leo zinaorodhesha, pamoja na herufi na mto, matumizi ya delta kwa tofauti au ongezeko, na maofisini watu wanauliza "delta ni ngapi" wakimaanisha pengo kati ya bajeti na matumizi. Neno ni la wanaolitumia. Mwezeshaji angesema "wanahisabati huitumia delta kwa badiliko", ningebaki na simu yangu chini ya meza kwa amani. Herufi zinaweza kupata maana, kwa umbo lake, kwa nafasi yake kwenye foleni, kwa sauti inayoanza neno fulani. Anayesoma "Mimi ni Alfa na Omega" haambiwi kwamba alfa ni Kigiriki cha "mwanzo". Anaelewa kwamba moja iko mbele na nyingine nyuma. Ninachokataa ni kile kibandiko cha "kwa Kigiriki maana yake", kinachopachikwa kwenye kauli dhaifu ili ivae kanzu.

Na nimpe mwezeshaji silaha nyingine, bure, maana naona hataipata mwenyewe. Kuna nyota inaitwa Delta Cephei. Mwaka 1784 kijana mmoja Mwingereza, John Goodricke, kiziwi, aliyefariki miaka miwili baadaye akiwa na miaka 21, aligundua kwamba mwanga wake hupanda na kushuka kila baada ya siku tano na kidogo. Nyota inayobadilika, jina lake Delta! Ndugu mwezeshaji angepiga goti. Ila nyota ile ilikuwa imeshapewa herufi yake kwenye atlasi ya nyota ya Johann Bayer ya 1603, miaka 181 kabla hata haijajulikana kwamba inabadilika. Bayer alikuwa anazipa nyota herufi, zinazong'aa zaidi zikitangulia kwa kiasi kikubwa. Foleni tena.

Haya yote niliyaandika, kwa ufupi zaidi na kwa adabu zaidi, kwenye kundi la washiriki baada ya semina. Mwezeshaji alinijibu baada ya siku mbili: "Ahsante sana ndugu kwa mchango wako mzuri, tutaufanyia kazi." Akaweka na kiganja cha kuomba. Nikaridhika. Jirani yangu hata akaniandikia pembeni kwamba amefuta kile kistari.

Leo asubuhi limekuja tangazo la semina inayofuata. Rangi ya dhahabu, herufi kubwa: OMEGA, NENO LA KIGIRIKI LENYE MAANA YA USHINDI WA MWISHO. Jirani ameshajiandikisha.

Omega ni moja ya herufi chache ambazo majina yake Mgiriki anayaelewa. O mega. O kubwa. Iliitwa hivyo ili isichanganywe na mwenzake omikroni, o mikron, O ndogo. Basi ndiyo hiyo.

Nimefungua kundi. "Ndugu mwezeshaji, habari za asubuhi. Samahani, ni mimi tena."